Ufa wa Jirani

Methali tuliyofundishwa sote darasani, usipoziba ufa utajenga ukuta, ina pengo moja ambalo sijawahi kumsikia mwalimu akilitaja. Haisemi ufa ni wa nani. Inazungumza kana kwamba anayeuona ufa, mwenye ukuta, na atakayegharimika ukuta ukianguka ni mtu mmoja. Kijijini mambo hayako hivyo. Mara nyingi anayeuona ufa ni jirani, mwenye ukuta yuko mbali, na katikati yao kuna kufuli.

Swali langu linaonekana dogo. Upepo umevunja dirisha na mlango wa mtu ambaye hayupo. Mvua inaingia, giza limeshaingia, simu yake haipatikani. Je, una haki ya kwenda kupigilia mbao kwenye nyumba isiyo yako? Wengi watajibu papo hapo: ndiyo, huo ni utu tu. Nami nitafika huko huko mwishowe. Ila jibu la papo hapo linapita juu ya maswali mengine. Mbao za nani? Misumari ya nani? Na mwenyewe akirudi akasema hakutaka, nani anamdai nani?

Kwanza upepo wenyewe. Kinyangiri ipo wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Upepo wa Singida si wa kusimuliwa; kwa miaka sasa watu wa umeme wanaupigia hesabu, wakitaka kuweka mitambo ya kuufua uwe umeme. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na zenye hasira ni zile za mwanzo. Ardhi imekauka, joto limerundikana, halafu alasiri moja wingu linasimama upande mmoja wa mbingu na vumbi linatangulia kuleta habari. Mvua inafuata baadaye. Kazi ya kubomoa huwa imeshafanywa na upepo.

Wazee wetu walijenga tembe: kuta nene, paa bapa la udongo juu ya miti, madirisha madogo au hakuna kabisa. Sisi tumehamia kwenye bati na madirisha mapana, na sisemi turudi nyuma, maana nimelala kwenye tembe na najua moshi wake. Lakini bati lina tabia yake. Dirisha la upande unakotokea upepo likivunjika, upepo unaoingia hauna pa kutokea. Unalisukuma paa kutoka ndani huku ule wa nje ukilivuta kutoka juu. Ndiyo maana unaweza kukuta nyumba mbili zimepangana, moja imeezuliwa na nyingine nzima, na tofauti yao ni dirisha moja. Kuziba dirisha usiku wa dhoruba kunazuia maji na mwizi, sawa, lakini zaidi kunaokoa paa. Na kuta za tofali mbichi zisizo na paa, kwenye mvua za Januari, hazina siku nyingi.

Kwa hiyo anayepita na nyundo usiku ule ana dakika chache, tena hana wa kumuuliza.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kinyangiri kwenye nyumba ya vyumba vitatu, mbele tofali za kuchoma, nyuma tofali mbichi, kwa kuwa pesa iliishia katikati. Desemba ya mwaka juzi alianguka akivuta maji, nyonga ikavunjika, akapelekwa Singida mjini akalazwa. Mama mdogo akaenda kumuuguza na funguo za nyumba akawa nazo yeye, huko huko wodini. Siku ya tisa upepo ukaja.

Jirani wa upande wa chini, ambaye mimi humwita baba mdogo ingawa hatuna damu moja, alisikia bati linapiga. Alitoka na kijana wake na tochi ya simu. Mlango wa mbele ulikuwa umeng'oka bawaba ya juu na unaning'inia. Madirisha mawili ya mashariki, ya mbao za zamani zilizoliwa na mchwa, yalikuwa yamepasuka. Alipiga simu ya mama mdogo, haikupatikana. Akaleta turubai lake la kuanikia alizeti, akalifunga kwenye dirisha la kwanza, upepo ukalichana vipande. Mabati hakuwa nayo. Akaingia ndani, akamulika juu, akaona mbao zimelala juu ya kenchi.

Mbao zile kila mtu Kinyangiri alizijua. Babu alipofariki, kabla mimi sijazaliwa, jeneza lake liliungwa kwa mbao za kuokoteza, hazikupigwa hata randa, na bibi anasema kupitia upenyo wa ubavuni waombolezaji waliiona sanda. Aibu ile hakuisahau. Miaka mingi baadaye, kwa pesa ya vitunguu, alianza kununua mbao za mninga, moja moja, mwaka huu moja, mwaka mwingine hapana, hadi zikafika saba. Alizilaza juu ya kenchi, mbali na mchwa. Kila Krismasi wajukuu tukikusanyika alituonyesha kwa kidole. "Zile msije mkazifanyia meza," alisema. Tulicheka, naye alicheka, lakini hakuwa anatania.

Baba mdogo alizishusha zote saba. Mbili alizikata kwa msumeno zienee dirishani, tatu alizipigilia nzima nzima, na mbili akaukingia mlango kwa nje, moja juu na moja chini. Misumari hakuwa nayo, akaenda kung'oa ya banda lake la kuku. Paa la bibi likabaki. Njia ile ile, nyumba mbili zilibaki kuta tupu. Na usiku ule ule kicheche aliingia kwenye banda lililolegezwa misumari, akaua kuku watatu.

Ninasoma shahada ya umahiri, na eneo langu ni falsafa ya sheria, kwa hiyo nilipohadithiwa nilifanya kile tunachofundishwa: nilitafuta mifano iliyokwisha kujadiliwa. Ipo, na ni mizuri. Mwaka 1978 Joel Feinberg, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa mfano wa mtu aliyekutwa na dhoruba ya theluji milimani. Anafika kwenye kibanda kilichofungwa, anavunja dirisha, anaingia, anakaa siku tatu akila chakula cha mwenyewe na kuchoma samani zake ili asigande. Karibu kila mtu anakubali kwamba alikuwa na haki ya kuingia. Karibu kila mtu anakubali pia kwamba anadaiwa samani. Haki na deni vimekaa chumba kimoja bila kugombana.

Mahakama zilikuwa zimeshafika hapo. Novemba 1905 meli moja ilimaliza kushusha mzigo kwenye gati la Duluth, jimbo la Minnesota, dhoruba ikaikuta. Nahodha aliiacha imefungwa gatini, na kila kamba ilipochakaa aliifunga nyingine. Meli ikapona, gati likapondeka. Mwaka 1910 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilikubali kwamba nahodha alifanya jambo la busara, na bado ikamwamuru mwenye meli alipe dola 500 za gati. Kwa lugha yetu ya mtaani: ulikuwa sahihi, sasa lipa.

Tatizo ni kwamba mifano yote miwili ina watu wawili waliotengana vizuri. Mmoja anaokolewa, mwingine anachukuliwa mali. Kinyangiri hakuna mgawanyo huo. Aliyeokolewa nyumba ni bibi. Aliyechukuliwa mbao ni bibi. Baba mdogo hakupata chochote, isipokuwa kuku watatu waliokufa. Feinberg hana la kutuambia hapa, wala nahodha wa Duluth.

Wa kutusaidia ni mtu wa zamani zaidi. Ulpianus, mwanasheria wa Roma wa mwanzoni mwa karne ya 3, ambaye maandishi yake yaliingizwa kwenye mkusanyo wa sheria wa Mfalme Justinianus mwaka 533, alijadili hasa jirani wa namna hii. Mtu ametia nguzo kwenye jengo la mwenzake aliye mbali ili lisianguke. Ulpianus anasema anaweza kudai gharama zake, na anaongeza jambo linalonifurahisha kila nikilisoma: anaweza kudai hata kama baadaye jengo liliungua. Kinachopimwa ni kama kazi ilikuwa ya manufaa ilipofanywa. Matokeo yanaweza kuharibiwa na moto.

Halafu anageuka. Je, kama jengo lile mwenyewe alikuwa ameshaliacha kwa sababu hamudu gharama zake, au alikuwa halihitaji? Hapo aliyetia nguzo hakumsaidia mtu, amembebesha mzigo. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Kumbe swali la kuuliza ni manufaa kwa mizani ya nani.

Machi nilimleta bibi nyumbani kwa gari la kukodi, na magongo yake. Baba mdogo alikuwa ametusubiri barabarani. Bibi alishuka, akasimama uani kwa muda, akitazama madirisha. Alishaambiwa kwa simu kwamba nyumba imezibwa. Hakuambiwa kwa nini.

"Mbao zangu zinafanya nini pale?"

"Mama, nyumba ilikuwa inakufa," baba mdogo alisema.

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa hujafa."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemjibu. Mama mdogo alijifanya anahangaika na mizigo. Yeye ndiye aliyejua kwamba kule wodini, wiki ya pili, bibi alikuwa ameshampa maagizo: fundi gani, randa ipigwe pande zote mbili, msumari usionekane. Wakati ule ule anaagiza, mbao zilikuwa zimeshapigiliwa dirishani.

Ningependa msomaji asimwone bibi kuwa mtu asiye na shukrani, maana hata wajomba zangu walielekea kumwona hivyo. Tulikuwa hatujui anachopima na nini. Jioni ile alinieleza. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ukomo ukawekwa mwisho wa 1976. Operesheni ilipowafikia, bibi alikuwa mke kijana mwenye tembe nzuri. Walibomoa wakahama. Udongo hawakuuchukua, udongo uko kila mahali. Walichukua mlango. Babu aliubeba mgongoni, bibi akabeba mtoto. Huko walikopangiwa walianza na mlango uliosimamishwa wenyewe, na kuta zikaja kuufuata. "Nyumba nimejenga tatu," aliniambia. "Jeneza najenga moja."

Kwa mizani yake, kwa hiyo, nyumba ni kitu kinachoanguka na kusimama tena, na mbao ni kitu kinachopatikana mara moja. Kwa mizani ya baba mdogo, aliyezaliwa baada ya Operesheni na kulijua bati na simenti kama kazi ya maisha yote ya mtu, ni kinyume chake. Wote wawili wana akili timamu. Usiku wa upepo ilitumika mizani ya mwenye nyundo, kwa sababu ndiye aliyekuwepo.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema dharura inahalalisha kila kitu. Dharura inaruhusu kutenda bila kuuliza. Haitoi ruhusa ya kusahau kwamba ulipaswa kuuliza. Baba mdogo, kwa heshima yake, hakusahau. Alikuwa amezihifadhi hata zile ncha mbili alizokata, amezifunga kwenye kiroba, ziko juu ya kenchi pale pale zilipokuwa mbao. Ncha zile hazikuwa na kazi yoyote. Alizirudisha kwa sababu hazikuwa zake.

Kilichofuata ni kikao. Wajomba wawili walikuja, wa tatu alikuwa kwenye simu iliyowekwa spika juu ya kigoda. Mjomba mkubwa ni mtu wa mahesabu na alikuja na suluhu nzuri. Tunamdai jirani mbao saba, alisema, ambazo mbili zimekatwa na tano zimetobolewa na misumari. Jirani anatudai misumari, turubai, kazi ya usiku na kuku watatu. Tukijumlisha huku na kule, zinakaribiana. Basi tufute pande zote mbili, tunywe chai, yaishe.

Kila mtu alitikisa kichwa kukubali. Nami nilikubali moyoni, maana ndivyo sheria inavyofanya: deni hukatwa kwenye deni, kinachobaki ndicho hulipwa. Bibi akakataa.

Alisema kuku atawalipa, watatu, mitetea, na turubai jipya. Na mbao zake anazitaka, saba, za mninga, atazisubiri. Mjomba akamweleza tena kwa upole, akidhani hajaelewa, kwamba mwisho wa yote ni kitu kile kile. Bibi akasema, "Kuku si mbao."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala nyingi nilizolazimika kusoma kwa ajili ya masomo. Kufutiana kunachukulia kwamba mambo mawili yaliyotokea usiku ule ni kiasi cha kitu kimoja, kama maji kwenye ndoo mbili. Lakini moja ni wema na jingine ni kuondolewa kitu. Ukivikatana, vyote viwili vinapotea: wema haujashukuriwa, kwa kuwa umelipwa kwa kusamehewa kosa, na kilichoondolewa hakijarudishwa, kwa kuwa kimefunikwa na wema. Mjomba alikuwa anawapa chai na kuwanyima yote mawili. Bibi alitaka jirani yake aondoke pale akiwa ameshukuriwa kikamilifu, kwa kuku walio hai, kisha abaki anadaiwa kikamilifu. Kwake, mtu anaweza kuwa vyote viwili bila kimoja kupunguza kingine.

Nilijaribu kuipeleka hoja hii kwenye sheria yetu nione kama inasimama. Upande wa jinai hakuna shida: kuingia kwa jinai, kwa Kanuni ya Adhabu, kunahitaji nia ya kutenda kosa au ya kutisha, kutukana au kuudhi, na baba mdogo hakuwa na hata moja. Upande wa madai ndio unaochekesha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 70, tuliyorithi maneno yake kutoka sheria ya India ya 1872, inasema mtu akimfanyia mwenzake jambo kihalali bila kukusudia kulifanya bure, na mwenzake akanufaika, huyo aliyenufaika anapaswa kumfidia. Soma tena pale katikati. Bila kukusudia kulifanya bure. Yaani ili baba mdogo adai kuku wake mahakamani, inabidi aape kwamba wakati anang'oa misumari ya banda lake kwenye mvua alikuwa anafikiria malipo. Akisema kweli, kwamba alikimbia kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa inapiga kelele, anapoteza. Ni sheria inayowalipa majirani wabaya tu.

Waingereza ni wakali zaidi. Mahakama yao ya rufaa ilishasema mwaka 1886 kwamba mtu habebeshwi deni nyuma ya mgongo wake kwa wema ambao hakuuomba, isipokuwa baharini, ambako anayeokoa chombo hulipwa. Nimejiuliza sana kwa nini maji ya chumvi yastahili ukarimu ambao maji ya mvua hayaustahili. Labda ni kwa sababu baharini kila mtu anajua kesho zamu itakuwa yake. Kama ni hivyo, waliotunga kanuni hiyo hawajawahi kuishi kijiji chenye upepo.

Huko kwao, kazi ya baba mdogo imekuwa biashara. Zipo kampuni zinazopokea simu saa 24, zinakuja na gari lenye mbao za plai na mashine ya kukaza skrubu, zinaziba dirisha na kuacha ankara. Hata polisi wakivunja mlango wa mtu huita kampuni kama hiyo, na mara nyingi ankara humfuata mwenye nyumba. Naona faida yake. Fundi wa kampuni hachukui mbao za jeneza. Hajui ziko wapi, na haingii zaidi ya pale anapolipwa. Lakini pia hajui kwamba usiku ule mwenye nyumba yuko wodini, wala haachi banda lake wazi. Unapata usahihi wa kutokujulikana. Kuna siku ningeuchagua huo, na kuna siku nisingeuchagua.

Na sisi tunayo serikali, mtu atasema. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na maafa yakiwa makubwa watu huja. Desemba 3, 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, huku jirani kwetu Manyara, jeshi lilikuja, na hapakuwa na muda wa kuulizana mlango huu ni wa nani. Ila upepo wa Kinyangiri usiku ule uligusa nyumba tano. Tano ni nyingi mno kwa fundi mmoja na chache mno kwa taifa. Dhoruba nyingi za maisha ziko katika kiwango hicho, na katika kiwango hicho aliyepo ni jirani.

Ndiyo maana nadhani haki ya baba mdogo haikutoka kwenye upepo. Upepo ulimpa sababu tu. Haki ilitoka kwenye miaka ishirini ya kumjua bibi: kujua kwamba hapendi kuombewa ruhusa kwa kila kitu, kwamba funguo zake huwa kwa mama mdogo, kwamba angekasirika na kesho yake angekuja kusalimia. Alikisia mizani yake vibaya kwenye jambo moja, tena jambo zito. Lakini alikisia mizani ya mtu anayemfahamu, akiwa tayari kuambiwa amekosea. Mgeni aliyefanya kitendo kile kile, kwa mbao zile zile, angekuwa amefanya kitu kingine, hata kama paa lingepona vile vile. Mwalimu wangu mmoja anaona hoja hii ina hatari: inampa ruhusa zaidi yule aliye karibu zaidi, na tunajua ndugu wa karibu wanavyoweza kuvunja kufuli kwa jina la upendo. Ana haki ya kuhofia. Jibu langu ni kwamba ukaribu huo huo ndio unaomfanya ashindwe kukimbia deni. Baba mdogo anapita mbele ya nyumba ya bibi kila asubuhi akienda shamba.

Mpaka ninapoandika haya ameshaleta mbao tatu. Zile za zamani ziliondolewa madirishani Juni, bibi alipochoka kuwasha taa mchana. Tano zisizokatwa fundi alizikagua, akasema matundu yanaweza kuzibwa kwa vumbi la mbao na gundi, yakapigwa randa yasionekane. Bibi alisema hapana. Amezitengenezea madirisha.

Kuna nyumba nyingine ambayo upepo uliipiga usiku ule ule, hatua kama mia mbili kutoka kwa bibi. Ni nyumba mpya ya mtu anayeishi mjini: madirisha ya alumini na vioo, paa la rangi, geti. Alinunua kiwanja kwa kupitia dalali, mafundi walikuja na gari wakaondoka na gari. Vioo vitatu vilivunjika. Nilimuuliza baba mdogo kama alifika pale. Alisema alifika, baada ya kumaliza kwa bibi. Nyundo alikuwa nayo, na misumari minne ilikuwa imebaki.

"Nikasimama getini," alisema. "Nikajiuliza mwenyewe angetaka nini. Nikaona simjui hata sura."

Alirudi nyumbani kwake. Ilikuwa karibu saa tisa usiku. Paa la ile nyumba lilikwenda upande mmoja kabla ya alfajiri, na mvua za Januari zikamaliza dari. Mwenyewe alikuja Mei, akiwa na fundi wa alumini. Alizunguka akiuliza kwa nini hakuna hata mtu mmoja aliyempigia simu. Watu wakamwomba namba, wakaiandika.